Kinga ya stroberi dhidi ya kuvu: mwongozo kamili wa kuchagua, kupima na kulinda miche

Ingia kitalu chochote kati ya Njoro na Bahati, huku kwetu Nakuru, Kenya, uliza kama miche ya stroberi inayouzwa pale inastahimili magonjwa. Utajibiwa kwamba inastahimili. Muuzaji huenda hakudanganyi kamwe. Swali lenyewe ndilo halijakamilika. Inastahimili ugonjwa gani?

Mimi nililipa karo ya somo hilo. Msimu wangu wa pili nilinunua miche 600 kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni migumu. Kwa ubwiri unga ilikuwa migumu kweli, sikuona hata jani moja lenye unga. Ilipofika Januari, jua likiwaka na matunda yakiwa yamening'inia, mche mmoja ulinyauka, kesho yake miwili, na Februari ilipokwisha nilikuwa nimeng'oa zaidi ya nusu. Nilipoupasua mche mmoja chini, pale kwenye shina fupi linalotoa majani, ndani palikuwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Mnyauko wa fuzari. Miche yangu ilikuwa na ulinzi dhidi ya adui mmoja na mlango wazi kwa mwingine.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye robo eka au chini ya hapo, asiye na maabara, lakini anayetaka kuelewa kinachotendeka ndani ya jani ili achague kwa akili.

Hatua ya 1: Mtambue adui, na namna anavyokula

Magonjwa ya kuvu yanayosumbua stroberi zetu ni mengi, lakini manne ndiyo yatakayokula pesa zako.

Ubwiri unga huonekana kama unga mweupe chini ya jani, na kingo za jani hujikunja kuelekea juu. Ukungu wa kijivu huozesha tunda na kulivisha manyoya ya rangi ya majivu. Chule huacha mabonde meusi yaliyodidimia kwenye tunda, na huweza kuua mche mzima ikifika kwenye shina. Mnyauko wa fuzari hukaa udongoni, huingilia mizizini na kuziba njia za maji. Madoa mekundu yenye kitovu cheupe kwenye majani yapo pia, ila hayajawahi kunikosesha usingizi.

Jambo ambalo wengi hulipita ni namna ya ulaji. Kuvu ya ubwiri unga hula seli zilizo hai tu. Seli ikifa, nayo haina chakula. Kuvu ya ukungu wa kijivu ni kinyume chake: huua kwanza, kisha hula maiti. Chule huanza kimya kimya ndani ya seli hai, halafu hugeuka kuwa muuaji. Tofauti hii ndiyo huamua kama kinga ya mmea itafaa kitu, kama utakavyoona.

Kuna pia kuoza kwa shina kunakoletwa na fitofthora. Wengi huuita ugonjwa wa kuvu, lakini kiumbe huyo si kuvu halisi. Ukuta wake una selulosi badala ya kitini, kile kitu kigumu kinachojenga ukuta wa kuvu. Ndiyo maana baadhi ya dawa za ukungu ukimpulizia ni kama umempulizia maji.

Hatua ya 2: Elewa walinzi wa ndani

Mmea hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini. Kila seli hujilinda yenyewe, na ina walinzi wa aina mbili.

Walinzi wa kwanza hukaa kwenye ngozi ya seli. Ni protini zinazoitwa vipokezi, na kazi yao ni kupapasa chochote kinachogusa seli. Wanachokitambua hasa kwa kuvu ni kile kitini cha ukuta wake. Ukitaka kukijua kitini, kumbuka ganda la kumbikumbi linalokwama kwenye meno, au gamba la kamba wa Ziwa Naivasha. Ni kitini kilekile. Kipande cha kitini kikiguswa, seli huimarisha ukuta wake na kutoa kemikali za kujikinga. Ulinzi huu ni wa jumla, hauchagui kuvu.

Kuvu zilizobobea zimepata ujanja. Huingiza ndani ya seli protini zao za kuzima king'ora. Hapo ndipo walinzi wa pili huingia kazini: vipokezi vya ndani ya seli, ambavyo vimeumbwa kuzinusa protini hizo za wizi au uharibifu zinaoufanya. Kimoja kikinusa, seli hujiua papo hapo pamoja na majirani zake wachache, na kuvu inayohitaji seli hai inabaki na njaa ndani ya kadoa kadogo ka kahawia. Jeni zinazotengeneza vipokezi hivi ndizo watafiti huziita jeni za ukinzani. Stroberi ina mamia yake.

Kipokezi kimoja kwa kawaida hukamata mwizi mmoja. Mmarekani Harold Flor alilionyesha hili miaka ya 1940 akichunguza kutu, ugonjwa wa kuvu, ya mmea wa kitani: kwa kila jeni ya ukinzani katika mmea kuna jeni inayolingana nayo katika kuvu. Kuvu ikiibadili au kuipoteza jeni hiyo, mlinzi anabaki amesimama langoni huku mwizi akipita amevaa kofia nyingine.

Watu wa Njoro hawahitaji mfano wa mbali. Kutu ya shina ya ngano iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na ikaishinda jeni Sr31, ambayo ngano za nchi nyingi zilikuwa zikiitegemea. Tangu 2005 kituo cha utafiti cha KALRO pale Njoro kimekuwa kikipanda ngano kutoka pembe zote za dunia ili kuona ipi itasimama mbele ya kutu hiyo. Mwaka 2006 ikaonekana hapa Kenya mbari mpya, yaani ukoo mwingine wa kuvu hiyohiyo, inayoishinda pia jeni nyingine, Sr24. Ukipita barabara ile na kuona vipande vidogo vidogo vya ngano vilivyopangwa kama zulia la viraka, unatazama mtihani wa vipokezi.

Stroberi ina udhaifu wake wa ziada. Tunaizalisha kwa marando, kama viazi vitamu, kwa hiyo miche yote ya aina moja ni nakala ya mama mmoja. Kuvu iliyojua kumpita mlinzi wa mche mmoja imelipita shamba zima. Kwa upande mwingine, stroberi ya bustanini ni mtoto wa stroberi wa Chile na yule wa Amerika Kaskazini waliokutana Ufaransa katika karne ya 18, na katika kila seli ana seti nane za kromosomu, badala ya mbili tulizo nazo sisi. Jenomu, yaani orodha nzima ya DNA, ya aina ya Camarosa ilipochapishwa mwaka 2019 ilikuwa na jeni zaidi ya 100,000. Ghala la walinzi ni kubwa. Kazi ni kujua nani yuko zamu.

Sasa rudi kwenye ulaji. Kwa ubwiri unga, seli kujiua ni ushindi. Kwa ukungu wa kijivu ni kumwandalia mgeni meza, kwa sababu anakula maiti. Ndiyo sababu hakuna aina ya stroberi yenye jeni moja inayoikomesha kabisa. Atakayekuuzia mche usiooza kijivu, mwache na mche wake.

Hatua ya 3: Chagua aina kwa jina la ugonjwa

Anza na ugonjwa ulio nao shambani, si na ukubwa wa tunda. Haya ndiyo ninayoweza kukuambia bila kusitasita.

Jeni inayoitwa FW1 huzuia mbari ya kwanza ya fuzari ya stroberi. San Andreas, Portola na Fronteras, zote za Chuo Kikuu cha California, zinayo. Ipo mbari ya pili inayoipita jeni hiyo, kwa hiyo hata ukiwa na San Andreas usihamishe udongo wa mgonjwa. Kwa chule kuna jeni Rca2, na kwa kuoza kwa shina kwa fitofthora kuna eneo la jenomu liitwalo FaRPc2. Utayakuta majina haya kwenye maelezo ya aina mpya.

Aina zilizozoeleka Kenya ni za zamani kidogo. Chandler, iliyotolewa California mwaka 1983, ina ladha nzuri ajabu lakini chule huipata kirahisi. Camarosa huzaa sana na tunda lake linavumilia safari, ila nayo ni laini mbele ya chule na ubwiri unga. Sweet Charlie ya Florida inasimama vizuri zaidi mbele ya chule ya tunda. Kama uko upande wa Kisumu, ambako kuna joto na mvua hupiga kwa kishindo, mimi ningefikiria chule kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Huku juu, Njoro na Molo, ubaridi na umande wa asubuhi huleta ukungu wa kijivu na ubwiri unga.

Kitaluni uliza maswali matatu: jina halisi la aina, mama zake walitoka wapi, na shamba la mama lilipandwa nini kabla yake. Asiyejua jina la aina hawezi kujua kinga yake. Miche ya kutoka nje ya nchi lazima ipite mikononi mwa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Usikubali iliyobebwa kwenye begi la mtu, hata awe shemeji yako.

Hatua ya 4: Kagua miche kabla haijagusa udongo wako

Chule inaweza kukaa ndani ya mche unaong'aa kwa afya, bila dalili yoyote. Kuna kipimo rahisi cha kuitoa mafichoni, na kinahitaji friji tu.

Chukua majani ya zamani pamoja na vikonyo vyake kutoka kwa miche kumi hivi katika kila mia. Yaoshe kwa maji yanayotiririka, yatie kwenye mfuko wa plastiki, uyalaze kwenye friza usiku mmoja. Baridi huua seli za jani, walinzi wote wakafa, na kuvu iliyokuwa imejificha inapata uwanja. Asubuhi yapange kwenye chombo cheupe chenye kifuniko, juu ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, kisha weka mahali penye joto kiasi, karibu nyuzi 25. Kwetu nyumba ni baridi, kwa hiyo mimi hukiweka juu ya friji hiyohiyo. Baada ya siku tano hadi saba tazama kwa kioo cha kukuzia. Vijitone vya rangi ya chungwa iliyopauka, kama samaki wa mkebe, ni dalili ya chule. Manyoya ya kijivu ni ya ukungu wa kijivu, na hayo yapo karibu kila mahali, yasikutie hofu.

Ukiona vijitone vile, rudisha miche. Mabishano yatakuwepo. Nenda na chombo chako.

Hatua ya 5: Pima ukinzani mwenyewe

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi, kwa sababu maelezo ya kwenye karatasi yaliandikwa kwa kuvu za kwao, na mbari zilizo shambani mwako huenda ni nyingine.

*Kipimo cha udongo, kwa mnyauko.* Chota udongo kutoka kwenye mashimo miche ilipofia, uchanganye vizuri, uugawe mafungu mawili. Fungu moja lipike kwa mvuke kwenye pipa au sufuria kuukuu, na likishapata moto hadi katikati uendelee nusu saa zaidi, kisha lipoe. Tafuta ndoo za lita tatu, utoboe chini. Kwa kila aina unayoifikiria, panda miche sita kwenye udongo mgonjwa na sita kwenye uliopikwa. Ongeza aina moja ambayo tayari uliiona ikifa. Huyo ndiye shahidi wako. Shahidi asipougua, kipimo hakikufanya kazi, na matokeo ya wengine hayana maana.

Fuzari hupenda udongo wenye joto. Kwa hiyo weka ndoo chini ya plastiki au fanya kipimo Desemba hadi Machi. Usikate maua, mche wenye mzigo wa matunda ndio huonyesha ukweli. Kila wiki upe kila mche alama: 1 kama ni mzima, 2 majani ya nje yakilegea, 3 nusu ikinyauka, 4 yakibaki majani machache ya katikati, 5 ukifa. Endelea wiki kumi hadi kumi na mbili, kisha pasua shina la kila mmoja, hata walio hai.

Kusoma matokeo kunataka uaminifu. Sita hai kwa sifuri ni habari. Wanne hai kwa watatu si habari, ni bahati nasibu, rudia. Miche ikifa hata kwenye udongo uliopikwa, ugonjwa umekuja na miche au na maji yako, wala si shamba. Ukimaliza, udongo mgonjwa urudi palepale ulipotoka, na ndoo, jembe na viatu vioshwe kwa maji yenye blichi.

*Kipimo cha jani, kwa ubwiri unga.* Kata majani machanga yaliyofunguka hivi karibuni, ya umri mmoja kwa aina zote. Umri ni muhimu, kwa kuwa jani likizeeka hujipatia ukinzani wa uzee, na ukilinganisha jani kuukuu la aina moja na changa la nyingine umejidanganya. Yalaze kwenye chombo chenye karatasi yenye unyevu, vikonyo vikiwa vimezungushiwa pamba mbichi. Kwa brashi laini ya rangi, pangusa unga kutoka kwa jani gonjwa uunyunyizie kidogo juu ya yote. Usipulizie maji, spora (mbegu ndogo mno) za kuvu hii hutaka hewa yenye unyevu, lakini maji ya matone huziharibu. Baada ya siku kumi hesabu ni sehemu gani ya kila jani imefunikwa.

Binti yangu wa kidato cha tatu alipoona vyombo hivi mezani alidhani ni chakula. Akaambulia somo, na siku iliyofuata tukaponda stroberi mbili kwa sabuni ya vyombo na chumvi, tukachuja, tukamimina spiriti baridi juu, na nyuzi nyeupe za DNA zikapanda. Stroberi inafaa sana kwa hilo kwa sababu ya zile seti nane. Hakuna jeni utakayoisoma hapo, lakini mtoto hatasahau.

Hatua ya 6: Panda kwa mchanganyiko

Ukishapata aina mbili au tatu zilizofaulu, usipande moja peke yake. Panga matuta kwa zamu, tuta la aina hii, tuta la aina ile. Spora inayotoka kwenye mche mmoja inaangukia jirani mwenye walinzi tofauti, na mwendo wa ugonjwa unapungua. Hasara yake ni kwamba kuvuna kunachosha kidogo, maana hazikomai siku moja. Nimeona inalipa.

Usipande stroberi palipokuwa na viazi, nyanya au pilipili. Mashamba hayo huacha nyuma vetisili, ambayo nayo ni kuvu ya mnyauko. Mahindi au vitunguu ni watangulizi bora.

Hatua ya 7: Pale jeni zinapokoma

Kwa ukungu wa kijivu kazi ni yako. Kuvu huingia kupitia ua, hulala, na huamka tunda linapoiva. Ukiona manyoya leo, kosa lilitendeka wiki kadhaa zilizopita. Acha sentimita 30 au zaidi kati ya mche na mche ili upepo upite. Mwagilia kwa matone, asubuhi. Weka matandazo ya nyasi kavu au plastiki ili tunda lisilale udongoni na mvua isirushe spora. Toa majani makavu na maua yaliyokufa kila wiki, uyatoe nje ya shamba kabisa. Vuna kila siku ya pili, na tunda lililooza lisiwe kwenye ndoo moja na zima.

Mbolea ya naitrojeni ikizidi huleta majani mengi laini, na ukungu wa kijivu huyapenda. Jirani yangu alikuwa akimwaga samadi ya kuku mbichi kila mwezi na kushangaa. "Mwalimu, si ndiyo chakula?" aliniuliza. Nilimwambia ndiyo, lakini anayeshiba ni mwingine.

Hatua ya 8: Dawa, kwa uchache

Tumia zilizosajiliwa kwa zao hili na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za kilimo, na heshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna, stroberi haimenywi. Badilisha kundi la kiambato, si jina la chupa, kwa kuwa chupa mbili za agroveti zenye rangi tofauti huwa na kitu kilekile. Kuvu hujifunza kuipita dawa kama inavyojifunza kumpita mlinzi. Wakati wenye faida zaidi ni wa maua, hasa mvua za Machi hadi Mei zikianza.

Hatua ya 9: Miche ya msimu ujao

Chagua mama wachache waliopita msimu mzima wakiwa wazima, uwahamishie kwenye tuta lao peke yao, mbali na shamba la matunda na upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua yasiwaletee udongo mgonjwa. Kata maua yao yote. Kila rando lipokelewe na mfuko wenye udongo uliopikwa, na usilikate mpaka mizizi ishike. Mama akifika miaka mitatu mng'oe. Rudia kipimo cha friza kwa watoto wake, hata kama ni wako mwenyewe, na kipimo cha ndoo kila baada ya msimu mmoja au miwili. Siku miche yako ya San Andreas itakapoanza kunyauka, utaiona kwenye ndoo sita kabla hujaiona kwenye miche 600.